Daftari la Wasionunua

Kiti nilichopewa matangani kilikuwa boksi. Viti vya kukodi vilikuwa nje chini ya turubai, vimejaa wazee, na makochi ya sebuleni yalikuwa yamekaliwa na akina mama wa kanisani. Kwa hiyo jirani mmoja akaliburuta boksi kutoka chumba cha ndani, akalitandikia leso, akasema, "Kaa hapa, dada, haliporomoki." Nikakaa. Nilipovuta leso ili isiburuzike chini, nikaona kona ya boksi: picha ya mkono ulioshika kitu cheupe chenye vitufe, na maneno ya Kiingereza yaliyopauka. Utepe wa gundi haukuwa umekatwa. Nilikuwa nimekalia mashine mpya ya gemu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiwasha, nyumbani kwa mtu aliyeinunua kwa malipo ya kazi yake yote ya ualimu, na aliyebaki nayo kwa sababu yangu. Nilisimama kana kwamba nimekalia mtoto. Jirani akaniuliza kama kuna kitu kimenichoma. Nikasema hapana, ni miguu tu, imekufa ganzi. Mazishi yalikuwa yamefanyika jana yake. Nilikuwa nimepanga zamu zangu kazini ili nisiyawahi.

Marehemu aliitwa Mwalimu Kioko. Nilimfanyia kazi mwaka mmoja hapa Voi, nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kumaliza sekondari na kabla ya kuingia chuoni. Ya nyumbani kwetu Chawia nitayaacha, hayana hatia katika jambo hili. Mwaka wenyewe ninaukumbuka kwa mpangilio, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiuandika, siku kwa siku, kwa mstari na safu. Leo kazi yangu ni habari za redio, na watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kuuliza maswali, huwa nataja chuo. Si kweli. Nilijifunzia kwenye kaunta ya Mwalimu, na hapohapo ndipo nilipojifunza jinsi mtu anavyoweza kuandika maneno ya kila mtu sawasawa, neno kwa neno, na bado akawa mwongo.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu katika safu ya maduka nyuma ya soko. Mbele kulikuwa na kaunta ya kioo yenye chaja, redio ndogo, tochi na betri. Katikati palikuwa na benchi refu ambalo kanisa lilikuwa limeliuza baada ya kununua viti vya plastiki, nalo lilitazama TV iliyotundikwa ukutani. Nyuma lilining'inia pazia la maua, na nyuma ya pazia ndipo Mama Mutheu, mke wa Mwalimu, alipopikia. Ukipita jikoni unatokea uani, penye tangi la maji na chumba changu: kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha lililoangalia tangi. Kila asubuhi nilifagia vumbi jekundu hadi mlangoni, na kila adhuhuri lilikuwa limerudi, limekaa juu ya kila kitu kama lina mkataba. Chumba kile ndicho cha kwanza maishani mwangu kufungwa kwa ufunguo niliokuwa nao mimi peke yangu.

Maboksi thelathini yalishuka kwenye lori la kutoka Mombasa mwezi wa Februari. Mwalimu alikuwa amefundisha sayansi tangu ujana wake hadi alipostaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeingia. Alikuwa amesoma gazetini kwamba duniani watu wanaacha gemu za CD, kwamba sasa gemu zitakaa ndani ya mashine yenyewe na nyingine zitavutwa kwa mtandao. Aliamini kwamba Voi itafika huko siku moja, na kwamba atakayekuwa wa kwanza hatafikiwa. Mama Mutheu alitaka mashine ya kusaga. Alisema hivyo mbele yangu, mikono kiunoni, wapakuzi wakiwa bado wanapita na maboksi mabegani.

"Watu wa huku wanakula kila siku, Mwalimu. Hawachezi kila siku."

"Mama Mutheu, hilo tulishalifunga."

"Umelifunga wewe."

"Basi limefungwa," akasema Mwalimu, akacheka. Mkewe hakucheka. Alipita pazia akaenda kwenye sufuria zake, na mwaka mzima uliofuata sikumsikia akitamka neno juu ya mashine zile, jema wala baya.

Jioni ile Mwalimu alinipa daftari kubwa lenye jalada gumu. Alikuwa ameshalipigia mistari kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, na safu pana kuliko zote, sababu. "Atakayenunua hatufundishi kitu," aliniambia. "Amenunua, amekwenda. Lakini mtu akitoka bila kununua, usimwache aondoke na sababu yake. Hiyo ni mali yetu. Iandike." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu na aliogopa mwanafunzi anayeongeza chumvi, akaniwekea sharti moja. Nikishaandika, nimsomee mteja alichosema na nimuulize: niandike hivyo? Asipokubali, nifute. "Usimwekee mtu maneno mdomoni, Wakio. Hata yakiwa mazuri kuliko yake."

Mashine yenyewe ilikuwa nyeupe kama kipande cha sabuni, na haikuwa na mdomo. Watu walikuja kuitazama. Mwalimu aliacha moja imewashwa kutwa nzima, akaruhusu yeyote akae kwenye benchi ajaribu, na kila aliyekaa aliletewa kikombe cha chai ya maziwa kutoka nyuma ya pazia. Alijivunia chai ile. Maduka mengine, alisema, yanamwangalia mteja kama mwizi. Sisi tunampokea kama mgeni. Hapo ndipo tulipojiponza, na nililiona kosa hilo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu mimi ni mtu wa milimani. Kwetu, mtu aliyekaribishwa, akapewa mahali pa kukaa, akanywa chai yako, hawezi kukuambia usoni kwamba hataki kitu chako. Anakupa muda. Anasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi si tarehe, ni namna ya kuinuka kitini bila kumuudhi mwenye nyumba. Mtoto wa Chawia anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Mwalimu alizaliwa Ukambani, na miaka yake yote ya Voi ilikuwa ya darasani, ambako Kidawida, lugha yetu ya milimani, kilikatazwa, na hakuwahi kukijua. Yeye alichukua kalamu nyekundu akaizungushia tarehe thelathini kwenye kalenda.

Mteja aliyemtaka kuliko wote alikuwa Mwadime, mwenye kibanda cha gemu Mwatate: TV tatu, mabenchi, na watoto wanaolipa kwa kila mechi. "Tukimpata Mwadime tumepata Mwatate nzima," Mwalimu alikuwa akisema. Mwadime alikuja siku ya gulio, pamoja na shemeji yake. Alikunywa chai, akacheza mechi mbili, kisha akaichukua mashine akaigeuza juu chini, akaichungulia ubavuni na mgongoni, kama mtu anayekagua mbuzi.

"Mwalimu, CD inaingilia wapi?"

"Hakuna CD. Gemu ziko ndani. Nyingine unazivuta kwa mtandao."

"Ziko ndani."

"Ndani kabisa. Hazikwaruziki, haziibiwi."

"Hapo umesema kitu, Mwalimu," akasema Mwadime. Halafu, kwa tabasamu lilelile, akamgeukia shemeji yake na kumwambia kwa Kidawida kwamba mashine hii ni kama kuoa mke asiye na ndugu: hakuna wa kukutembelea, wala huna pa kwenda. Shemeji aliinamia kikombe ili asicheke. Mwadime akaendelea, polepole, kama anayesifu rangi yake. Kibanda chake kinaishi kwa kubadilishana. Watoto wa Mwatate wakichoka na gemu, anaifunga CD kwenye gazeti anampelekea mwenzake wa Wundanyi, naye anapewa ya huko, na kwa njia hiyo CD moja inazunguka milima yote kabla haijafa. "Hii nitabadilishana na nani? Nibebe mashine nzima kichwani?" Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Ni nzuri sana, Mwalimu. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Niliandika. Nikamsomea. "Niandike hivyo?"

Aliniangalia. Alijua natoka milimani, na alijua nimesikia yote. Nakumbuka macho yake yalivyokaa juu ya kalamu yangu kwa muda, yakiniachia mimi uamuzi. "Andika hivyo, dada," akasema.

Nikaandika hivyo. Lilikuwa jambo dogo sana siku ile. Nilijiambia kwamba sharti ni la Mwalimu mwenyewe, kuandika alichokubali mteja na si kingine, na kwamba yaliyosemwa kwa Kidawida hayakusemwa kwetu. Siku hizi nikimsikia msemaji wa serikali akijitetea kwamba alijibu swali aliloulizwa, namtambua kama ndugu.

Baada ya Mwadime walikuja wengine, na mimi nikawa na mazoea. Mkulima wa ndizi kutoka Mahoo alisema atashauriana na mke wake. Lakini akiwa mlangoni alimwambia mwenzake kwamba kwao simu inakamata mtandao wa Tanzania, tena mpaka upande juu ya tangi, sasa hiyo gemu itavutwa na nani, punda? Na alikuja Mama Mghoi, mtu wa kwetu Chawia, mwenye kazi ya ofisini na mtoto wa kidato cha tatu. Huyu alikuwa na uwezo, na mtoto alikuwa akimlilia. Alikaa kwenye benchi na mkoba magotini, akaisifu mashine kwa Kiswahili mpaka Mwalimu akaona haya. Halafu akaniita karibu kwa Kidawida, kama shangazi anayetaka kunirekebishia kola.

"Wewe mwana wa kwetu, niambie ukweli. Mtihani ukikaribia nitafungia nini kabatini?"

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza. Nyumbani kwake mashine ya zamani inabaki chini ya TV mwaka mzima, haigusi. Mtihani ukikaribia anakusanya CD zote, anazifunga kwa kitambaa, anazitia kwenye sanduku moja na hati ya shamba. Wiki yenyewe ya mtihani anatembea nazo mkobani, ofisini, sokoni, hata kanisani. "Jumapili moja natoa sadaka, CD ikaanguka kikapuni. Mzee wa kanisa akaniuliza kama ni ya kwaya." Alicheka hadi akafuta macho, kisha akaigusa ile sabuni nyeupe kwa kidole kimoja. "Sasa hii yenu, gemu zote ziko tumboni. Niende kazini nimebeba TV?" Mlezi yeyote niliyemsikiliza mwaka ule alikuwa na CD zake sandukuni, au juu ya kabati, au kwa jirani. Ndiyo iliyokuwa mamlaka yao. Mtoto alikuwa na mashine, mzazi alikuwa na CD, na nyumba ikakaa kwa amani. Mwalimu alikuwa akiwauzia mashine isiyoacha kitu mkononi mwa mama. Mwezi mzima aliniambia anadhani shida ni rangi, au bei, au pengine TV yetu ni ndogo. Mama Mghoi alisimama akapaaza sauti. "Mwalimu, bonasi ikitoka Desemba tutaonana!"

"Niandike hivyo?" nikauliza.

"Andika, mwanangu."

Saa saba mchana Mama Mutheu aliniita kutoka nyuma ya pazia. "Wakio, njoo kabla hakijapoa." Alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mara nyingine pure ya mahindi mazima, na Ijumaa ndengu kwa chapati. Tulikula kwa sahani za bati zenye ua jekundu, alizozinunua zamani alipokuwa akiuza ndengu sokoni Mwatate, kabla ya duka. Alinipa paja la kuku kila kuku alipochinjwa, bila kusema kitu, na nikisema nimeshiba aliongeza. Mwalimu alikula huku akilisoma daftari kama wengine wanavyosoma gazeti, akinisifu kwa mwandiko. Wageni wakija alinitambulisha: "Huyu ni ofisa wangu wa utafiti." Walicheka, na mimi nilijifanya kucheka, lakini usiku nililirudia jina hilo kitandani. Pazia lilikuwa jepesi. Nikiwa na mteja kaunta nilisikia vitunguu vikikaangwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kinachopita upande mmoja wa pazia kinapita na upande wa pili.

Mwezi wa Septemba mfanyabiashara wa Mombasa aliyetuletea mashine alipiga simu. Maboksi ambayo hayajafunguliwa angeyapokea yarudi, na angerudisha sehemu kubwa ya pesa, lakini mpaka mwisho wa mwezi ule, si zaidi. Tulikuwa tumeuza tatu: moja kwa mpwa wa Mwalimu, moja kwa hoteli moja ya watalii, moja kwa kijana aliyeirudisha baada ya wiki mbili akadai chaja ya simu badala yake. Jumapili, baada ya kanisa, Mwalimu alifunga mlango wa mbele, akatandaza karatasi ya manila juu ya kaunta, akaanza kuhamisha daftari langu kuwa jedwali. Nilimsomea, yeye akaweka vijiti. Mwisho wa mwezi. Desemba. Nashauriana na mama watoto. Mwisho wa mwezi. Ilichukua alasiri nzima. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akavua miwani.

"Unaona ninachokiona? Hakuna hata mmoja aliyesema hataki."

Nikalifunga daftari.

"Hata mmoja, Wakio. Mimi nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Watu wengi namna hii hawawezi kukosea swali moja kwa njia moja." Akavaa miwani tena. "Lakini karatasi ni karatasi. Hawa ni watu wako. Mimi nimewafundisha watoto wao, wewe ndiye unawajua. Nikirudisha, nitampangisha fundi wa nguo chumba hiki, mama apate mashine yake ya kusaga, tumalize. Nisiporudisha, ni Desemba. Niambie wewe. Desemba watanunua?"

Nyuma ya pazia mwiko uliacha kugonga sufuria. Niliusikia ulivyoacha, kama ninavyosikia kila kitu, na sikujiuliza kwa nini.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuipanga dakika ile, na sasa naweza kusema ilikuwa na nini ndani. Ilikuwa na fundi wa nguo akiweka cherehani yake mahali pa benchi. Ilikuwa na kitanda changu, msumari wangu, dirisha la tangi, miezi mitatu kabla ya chuo ambayo ningerudi kuimalizia nyumbani bila jina la kazi. Na ilikuwa na daftari: nikisema hapana, itabidi nieleze kwamba nilijua tangu Machi, na kila ukurasa ule wenye mwandiko mzuri ni chai iliyonywewa kwa adabu. Ukweli ulihitaji maneno mengi. Uongo ulihitaji moja.

"Watanunua, Mwalimu."

Akainua kalamu nyekundu, akatabasamu kwa utani. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Mwiko ulianza kugonga tena, polepole.

Desemba watu walikuja kwelikweli. Walikuja wa Nairobi na wa Mombasa na watoto wao, wakielekea milimani kwa sikukuu, na benchi lilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mwalimu alinunua vikombe zaidi. Mama Mghoi alikuja na mwanawe, akachagua tochi mbili na betri.

"Bonasi haijatoka?" Mwalimu akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza.

"Imetoka, Mwalimu. Imetoka ikaingia mahali pengine kabla sijaiona sura."

Wote wawili walicheka, na Mwalimu akampunguzia bei ya betri. Siku tatu kabla ya Krismasi Mwadime alipita barabarani kutoka kituo cha basi. Alikuwa amekwenda Mombasa kununua mashine ya zamani, ya mitumba, na begani alibeba mfuko wa nailoni mzito wenye kona. Alipotuona alisimama, akaushika mkono wa Mwalimu kwa mikono yake miwili, akauliza habari za mama, akaenda zake. Mwalimu alibaki mlangoni akiutazama ule mfuko hadi ulipopotea sokoni.

"Zile ni CD?" aliniuliza.

"Ni CD."

"Kumbe bado wanazitaka."

Alisema hivyo taratibu, bila hasira, kama mtu anayeongea na ubao. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mteja, na swali lilikuwa limekaa mbele yangu likisubiri mtu alijibu. Nilichukua kitambaa nikapangusa vumbi kwenye kaunta. Januari alinisindikiza hadi stendi, akabeba sanduku langu mwenyewe. Kabla sijapanda alinishika mkono akasema sitapata shida yoyote chuoni, kwa sababu mwaka mzima sikuacha sababu hata moja ipotee.

Duka lilifungwa kabla ya Pasaka. Hayo niliyasikia kwa simu. Maboksi yalihamishiwa nyumbani, mashine ya kusaga haikununuliwa, na Mwalimu, mtu aliyestaafu kwa sherehe, alinunua baiskeli akaanza kufundisha watoto wa watu majumbani mwao, hesabu na sayansi, mpaka magoti yalipokataa. Kwa miaka yote hii nilimtembelea mara mbili. Mara zote mbili nilikuja na sukari na unga mwingi kupita kiasi, na mara zote mbili nilikuwa na haraka. Kwenye simu alikuwa akiniuliza, "Bado unaandika sababu?" nami nikasema bado, Mwalimu.

Siku hiyo ya matanga sikuweza kulikalia tena lile boksi. Nilikwenda jikoni kusaidia kuosha vikombe. Mama Mutheu alikuwa kwenye karai, amefunga leso kiunoni, amekonda, na alinisogezea mahali bila kugeuka, kama niliondoka asubuhi. Tulikuwa tumeosha nusu ya vikombe wakati bibi mmoja wa kutoka milimani alipofika mlango wa nyuma kutoa pole. Alianza kwa Kiswahili kizito, akakwama, akahamia Kidawida. Mama Mutheu alimjibu kwa Kidawida. Hakikuwa cha salamu tu. Kilikuwa chepesi, chenye lafudhi ya sokoni Mwatate, na mwishoni kulikuwa na utani kuhusu meno ya marehemu ambao ulimfanya bibi ajifunike mdomo. Nilibaki na kikombe majini mpaka bibi alipoondoka.

"Mama, unasema Kidawida."

"Nimeuza ndengu Mwatate miaka sita. Ulitaka niuze kwa ishara?"

"Basi ulisikia."

"Kila kitu." Alisuuza kikombe, akakiinamisha. "Yule Mwadime na mke wake asiye na ndugu. Na yule mama wa CD kikapuni, siku ile niliunguza vitunguu kwa kucheka."

Niliweka kikombe chini. Nilisema kitu ambacho sikuwa na haki ya kukisema. "Na hukumwambia."

Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Mimi nilikuwa nimezikataa mashine hata hazijashuka kwenye lori. Ningemwambia watu hawazitaki, angemsikia mke anayelilia mashine ya kusaga. Ningesema nini? Asingeniamini. Wewe angekuamini. Jumapili ile niliacha mwiko nikasikiliza. Nikasema moyoni, sasa msichana atasema." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mbona hukusema, Wakio?"

Katika kazi yangu nimewauliza wakubwa maswali ya namna hiyo, na najua majibu yote wanayotoa. Nilimpa moja. "Nilikuwa mdogo, Mama."

Alisubiri. Alisubiri kama mtu mwenye daftari.

"Nilitaka kubaki," nikasema. "Chumba. Chakula. Nilitaka kubaki hapa."

Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye karai. "Hiyo ningeielewa hata wakati ule," akasema. Baada ya vikombe viwili vitatu nilimuuliza kama Mwalimu aliwahi kujua. Alisema hapana. Alisema lile daftari alikuwa akilisoma hadi mwaka huu, akikaa pale dirishani penye mwanga, na rula. Alikuwa akitafuta kosa. Alisema kuna mahali alihesabu vibaya, na angependa kupaona kabla hajafa.

Nje wazee walikuwa wameanza wimbo. Sikuweza kukaa jikoni mle. Niliangalia saa, nikachukua mkoba wangu msumarini, nikauweka begani, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya mbele ya mtu ambaye umekunywa chai yake.

"Mama, wacha nikimbie kabla gari hazijaisha. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Mama Mutheu aliacha kuosha. Aligeuka taratibu, maji yakimdondoka vidoleni juu ya sakafu ya simenti.

"Niandike hivyo?" akauliza.

Nikauteremsha mkoba begani.